Bagamoyo inatuhusu vipi sisi wa Uganda?

Mwalimu wa Mbale
Nawasalimu nyote. Ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Mbale, na likizo ijayo tumepanga kuwapeleka wanafunzi 28 Bagamoyo kwa basi. Mkuu wa shule ameniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo: bandari ya zamani iliyo pwani ya Tanzania inaihusu vipi Uganda, hata wazazi watoe fedha zao ili tukaitazame? Tutakaa huko siku mbili tu. Ni mahali gani tusipopaswa kupakosa?

Mkaazi wa Entebbe
Mwalimu, mwambie mkuu wako aanzie Kigungu, hapa kwetu, ambapo Padri Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alishuka ufukweni pamoja na Bruda Amans tarehe 17 Februari 1879. Safari yao ya bara ilianzia Bagamoyo mwaka uliotangulia. Njia hiyo hiyo ya misafara, iliyopita Tabora, ndiyo iliyoteremsha pembe za ndovu hadi pwani na kupandisha nguo na bunduki, na wafanyabiashara walioitumia ndio waliokifikisha Kiswahili, somo lako mwenyewe, katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza.

Msikose misheni iliyoanzishwa mwaka 1868. Hapo upo mnara wa kanisa ambamo mwili wa Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulilazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Karibu nao umesimama mbuyu uliowahi kufungwa mnyororo. Mti umenenepa ukaumeza, na kinachoonekana sasa ni kipande kifupi tu kinachochomoza kwenye gome. Wanafunzi watataka kukivuta, wala usiwakemee sana.

Mzee wa Arua
Sisi wa West Nile tunayo yetu. Emin Pasha, gavana wa mkoa wa Equatoria aliyekuwa na makao yake Wadelai kando ya Nile, alifikishwa Bagamoyo na mpelelezi Stanley tarehe 4 Desemba 1889. Usiku huo huo, katika karamu ya Wajerumani, waliotawala pwani hiyo wakati huo, mtu huyu aliyevuka nusu ya Afrika salama alianguka kutoka dirisha la ghorofani, kwa kuwa macho yake yalikuwa hafifu, akaumia vibaya. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, kwa sababu maji ya Bagamoyo ni ya kina kifupi: jahazi hukaribia, meli kubwa hubaki mbali.

Binti wa Pwani, Kampala
Wazee wangu, mmeisahau Kaole, kilomita chache kusini mwa mji. Msikiti wake wa mawe ya matumbawe ni wa karne ya 13, mamia ya miaka kabla ya Mzungu yeyote kuweka kambi hapo, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili siku ya kwanza. Kuhusu jina la Bagamoyo, wengi hulihusisha na huzuni ya watumwa. Mimi naegemea wapagazi wa Kinyamwezi, ambao walipofika pwani walibwaga mizigo, na moyo pia.

Mwalimu wa Mbale
Ahsanteni sana. Tutaanza na Kaole asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Tukirudi kwa njia ya Mutukula, nitamwomba dereva apinde hadi Kigungu.