Mnaotangaza "imeahirishwa", mnajua maana yake?

Wakuu, hili la "shughuli imeahirishwa hadi tutakapowatangazia tena, samahani kwa usumbufu" limezidi. Hilo si tangazo, ni kufunga mlango na kuondoka na ufunguo.

Kuahirisha ni kupeleka jambo siku nyingine. Neno lina asili moja na akhera: hakijafika, lakini kinakuja. Ninyi mnatupeleka akhera kwelikweli, maana siku haitajwi! Kama siku haipo, semeni imesitishwa. Kama haifanyiki tena, imefutwa, na hapo mtu anajua adai pesa yake. Kughairi ni pale mwenye shughuli alipobadili nia. Kuchelewa je? Siku ni ileile, saa ndiyo imesogea. Mwenye tiketi hupanga nauli, malazi na ruhusa ya kazini kwa kufuata neno moja hilo.

Mwaka 2020 Olimpiki ya Tokyo iliahirishwa tarehe 24 Machi. Siku mpya haikuwa imepatikana, lakini kikomo kilitajwa papo hapo: isizidi majira ya joto ya 2021. Siku sita baadaye ikatangazwa 23 Julai 2021. Waandaaji wa Wimbledon, mashindano ya tenisi ya Uingereza, mwaka huohuo wao walisema imefutwa, basi. Nani alibaki anauliza?

Baya kuliko yote ni "imesogezwa mbele". Wapo wanaoelewa baadaye, wapo wanaoelewa mapema, na wote wana hoja. Andikeni: "kutoka Jumamosi tarehe 14 hadi Jumamosi tarehe 21, saa ileile." Jina la siku na tarehe vyote viwili, maana tarakimu ikikosewa, jina la siku litaumbua kosa.

Na msitangaze siku mpya kabla ukumbi na wazungumzaji hawajathibitisha kwa maandishi. Ndiyo chanzo cha kuahirisha mara ya pili. Wakishathibitisha, wapigieni kwanza wanaosafiri kutoka mbali, halafu wapishi kabla hawajanunua vinavyooza, ndipo mtangazie umma. Tiketi za zamani zinatumika? Mwisho wa kudai pesa lini? Jibuni humohumo kwenye tangazo.

Jibu #1: Ongeza na bango, mkuu. Bango jipya bila tarehe ya kutolewa ni balaa. La zamani linaendelea kuzunguka na hakuna anayejua lipi limetangulia. Na kwenye kalenda ya simu warekebishe tukio lilelile, wasifungue jipya, la sivyo kikumbusho cha siku ya zamani kitalia tu.

Jibu #2: Wanaotoa tangazo saa mbili kabla ya shughuli mmewasahau. Watu wako barabarani tayari!