Mpiga ramli akimtaja muuaji, polisi wamsikilize au wamkamate yeye kwanza?

Fundi Saa:
Wakuu habari za jumapili, naomba tujadili hili bila matusi. Kuna kesi ya kweli kabisa ya Marekani, jimbo la West Virginia, kaunti inaitwa Greenbrier, mwaka 1897. Binti kaolewa na fundi chuma mgeni pale, haijapita muda kakutwa kafa ndani. Mume ndo akamvalisha marehemu yeye mwenyewe, gauni la kola ndefu limekaza shingoni, daktari akisogea kuangalia shingo jamaa anakuwa mkali, basi wakazika hivohivo. Baadae mama mzazi akasema mwanae amemtokea usiku nne mfululizo anamwambia mama mimi sikufa kwa ugonjwa, mume wangu kanivunja shingo. Mama akaenda kwa mwendesha mashtaka akang'ang'ana, kaburi likafukuliwa, shingo kweli imevunjika!! Mume akafungwa maisha, akafia jela 1900. Mpaka leo kuna kibao cha serikali barabarani kinaelezea hiyo habari. Sasa kama mzimu wa Marekani umemfunga muuaji, kwa nini huku kwetu mtaalamu akipiga bao akasema muuaji ni yule pale polisi hawataki hata kuchukua maelezo? Kesi ngapi za mauaji zimelala? Na mtu asiniambie ni ushamba, wazee wetu mitaa ya Tanga huko walikuwa wanamjua mwizi kabla hakujapambazuka.

Dada Wakili:
Kaka Fundi, soma tena ulichoandika mwenyewe. Aliyemfunga yule bwana ni shingo, sio mzimu. Madaktari waliiona imevunjika, majirani walishaona anavyozuia watu kumgusa marehemu. Mwendesha mashtaka hata hakutaka habari ya mzimu iingie mahakamani, wakili wa mshtakiwa ndo aliyemuuliza yule mama akitegemea ataonekana hana akili timamu, ikamgeukia. Na huku kwetu sheria ya ushahidi ya 1967 iko wazi, ushahidi wa mdomo lazima utoke kwa mtu aliyeona au kusikia mwenyewe. Mpiga bao kaona nini? Utamhojije mzimu aliyempa hizo habari? Tena kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa kwa sheria ya uchawi ya 1928 ambayo bado tunayo, kwa hiyo anayetakiwa kuandikwa maelezo ya onyo ni mtaalamu wako.

Mtoto wa Makorora:
Mimi mzimu wenu sina neno nao. Nimeudhika na hiyo "mitaa ya Tanga huko". Kwa nini kila ikitajwa ramli lazima Tanga iwepo? Mmekaa Tanga lini? Sisi tuna madaktari, tuna walimu, tuna bandari ya miaka mingi kabla hiyo miji yenu haijapata hata stesheni, lakini mtu akisema anatoka Tanga kazini wenzake wanaanza kumwangalia mikono. Mimi nimenyimwa chumba cha kupanga kwa sababu hiyo, mama mwenye nyumba kaniuliza kwenu wapi nikamwambia, akasema kuna mtu kashalipia.

Ngosha Halisi:
Shemeji Makorora usilie, Tanga mna jina tu, kazi yenyewe iko Sumbawanga. Kule hata radi wanaituma kwa oda. Tukirudi kwenye mada namuunga mkono Fundi Saa 100%. Sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijijini, mwanzoni mwa miaka ya 80 walimaliza wizi wa ng'ombe kuanzia Kahama mpaka Mwanza wakati polisi wameshindwa, na wafumu, yaani waganga wapiga ramli wa Kisukuma, walikuwa humohumo wanawaongoza. Mbona hamsemi hilo?

Mtoto wa Makorora:
Sumbawanga? Na Gamboshi iko wilaya gani ndugu yangu, si Bariadi, kwenu kabisa? Nchi nzima ikisikia Gamboshi inajua ni kijiji kinachosemwa kwa uchawi. Umeanza kwa kumcheka mwenzio wakati nyumba yako haina bati.

Ngosha Halisi:
Gamboshi watu wanalima pamba na kufuga kama popote pale, hizo hadithi za mji wa taa unaoonekana usiku mmeletewa na watu ambao hawajawahi kufika hata Bariadi mjini. Mimi ndugu zangu wako kule na hakuna kitu. Toa ushahidi.

Dada Wakili:
Hebu simama hapo hapo kaka Ngosha. Gamboshi unataka ushahidi, ila mzee wa watu akitajwa na mfumu ushahidi hautakiwi?

Ngosha Halisi:
Wewe dada umezoea kubana watu mahakamani. Nimeongelea Sungusungu na wizi wa ng'ombe. Na hiyo sheria yako ya 1928 unaisoma nusu, humohumo mkuu wa wilaya kapewa mamlaka ya kumuamuru mtu anayetuhumiwa uchawi ahame akaishi sehemu nyingine. Kama uchawi haupo serikali inamhamisha kwa lipi?

Bin Rabai:
Salaam kutoka Kilifi. Nyinyi mwabishana mji gani una wachawi na huku kwetu wazee wanakatwa mapanga. Kenya tunayo sheria kama hiyo tangu 1925 na haijamlinda mtu. Huyo mpelelezi wa ramli mnayemtamani sisi tulishakuwa naye, alikuwa Kajiwe wa hapa Rabai, mwaka 66 alizunguka kwa Wamijikenda wote, watu wa pwani yetu, atoa vitu vya uchawi majumbani, watu wampokea kama mfalme. Ameenda, na miaka yote hii wazee bado wauliwa. Mkitaka kujua ni kwa nini msiulize mganga, ulizeni shamba limeandikwa jina la nani. Mzee ana ekari zake, watoto wataka kuuza, mtoto wa ndugu akifa ghafla basi mwendo ni kwa mganga na jibu lajulikana kabla hamjafika. Wazee waliobahatika kukimbia wako Kaya Godoma kule Ganze, nenda ukawaone, kila mmoja ana shamba ambalo sasa lalimwa na aliyemtuhumu.

Mwana Ohio:
Mimi niko Columbus. Fundi Saa ameleta kesi ya karne ya kumi na tisa ila hajaleta ya juzi ya hapa jimboni kwetu. Kulikuwa na mwaguzi maarufu sana wa kwenye TV, Sylvia Browne, vitabu vinauzwa kila duka. 2004 mama mmoja wa Cleveland ambaye binti yake amepotea akapanda kwenye kipindi amuulize, akaambiwa mbele ya nchi nzima mwanao hayupo hai. Yule mama alikufa 2006. Mwaka 2013 binti akatoka mbio kwenye nyumba aliyofungiwa, mzima, palepale Cleveland. Mama ameenda kaburini akiwa amebeba neno la yule mwaguzi. Nikikumbuka hilo siwezi kabisa kusikia mtu anawatetea.

Fundi Saa:
Kukosea kwa mmoja hakufanyi wote wawe waongo. Madaktari wangapi wamepasua mguu usio wenyewe, tumefunga hospitali? Polisi wangapi wamekamata mtu siye? Mimi sikusema mtu auawe, nimesema ASIKILIZWE. Mnaniwekea maneno mdomoni kama vile nimeshika panga. Nina mdogo wangu aliuawa, kesi mwaka wa ngapi, faili linapotea linaonekana linapotea tena, leo mpelelezi kahamishwa kesho shahidi hana nauli. Nyie mliosoma mnaniambia nisubiri. Nisubiri nini? Mtu akiwa amekosa pa kwenda ataenda kwa mtaalamu, na mkitaka asiende mpeni pengine pa kwenda.

Mtoto wa Makorora:
Pole sana kaka kwa mdogo wako, Mungu amrehemu. Ila bado hujasema neno kuhusu Tanga.

Mama Kulwa:
Nimesoma toka mwanzo nimenyamaza ila ndugu Ngosha umenichokoza wewe. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, usinifundishe wafumu ni nani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho mekundu. Unajua kwa nini? Miaka yote hiyo kapikia kinyesi cha ng'ombe kwa sababu kuni hakuna, kibanda hakina dirisha, moshi unaingia machoni asubuhi na jioni. Mtoto wa jirani akafa kwa homa, wakaenda kwa mtu wao akawaambia ni bibi anayekaa upande wa mawio, macho kama moto. Hakutaja jina! Ndo ujanja wao, hataji jina, anaeleza mpaka unamjua. Tulimtorosha usiku kwa baiskeli akaja kufia kwangu mjini, hajawahi kuona tena nyumba yake. Alibahatika. Mwaka 2013 peke yake Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu walihesabu watu 765 waliouawa nchi nzima kwa imani hizi, 505 wanawake. Sasa unaposema wafumu "waliongoza" naomba uniambie waliongoza kwenda wapi.

Ngosha Halisi:
Mama shikamoo na pole. Lakini hao ni matapeli, usiwachanganye na waganga wa kweli wa mitishamba ambao wamesajiliwa na serikali. Sisi tunaongelea wale wenye kipaji.

Dada Wakili:
Usajili wa tiba asili ni wa dawa, hakuna leseni ya kupiga ramli nchi hii. 2009 Pinda akiwa waziri mkuu alifuta vibali vya waganga kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, January 2015 waziri wa mambo ya ndani Chikawe akapiga marufuku wapiga ramli, ndani ya miezi miwili walishakamatwa zaidi ya 200. Na mwenye kipaji unamtofautishaje na tapeli, kwa mtu wa tatu akishakufa au wa nne?

Bin Rabai:
Na mimi nina swali moja kwa Ngosha, nimeliuliza hata hapa kwetu barazani hakuna aliyenijibu. Nitajie mzee mmoja fukara asiye na shamba, asiye na mbuzi, asiye na nyumba, ambaye mganga alisema ndiye muuaji.

Ngosha Halisi:
Wapo wengi tu.

Bin Rabai:
Nataka mmoja.

Fundi Saa:
Mbona sasa imekuwa mada ya mashamba? Mimi nimeuliza polisi.

Mama Kulwa:
Mada ni hiyohiyo kaka yangu. Unataka polisi wamsikilize, na mimi nataka wamsikilize, tena wamuweke chini waandike kila neno, nani alikuja kwake, alimlipa nini, alimueleza nini kabla hajatupa hizo simbi zake. Halafu aliyeeleza na aliyelipa wasimame kizimbani pamoja na vijana walioshika panga. Siku zote wanakamatwa vijana, wanafungwa, mfumu anahamia kijiji cha pili anafungua tena.

Ngosha Halisi:
Na nani atatoa ushahidi kwamba alisema? Alikuwa yeye na wateja wake tu chumbani. Kijiji hakisemi.

Dada Wakili:
Wateja watasema. Ukiwatenganisha vyumba, kila mmoja akajua mwenzie anahojiwa mlango wa pili, wa kwanza kuongea huwa ni yule aliyelipa.

Mtoto wa Makorora:
Na wapelelezi wakienda waanzie kwao Ngosha, sio Tanga.