Mjadala: Vitabu vya uchumi wa menejimenti vinamsaidia mwanafunzi wa biashara, au vinampotezea muda?

Mleta mada

Wakuu, naileta hoja hii kwa sababu kila semista inapoisha nasikia maneno yale yale kwa wanafunzi wa shahada ya biashara: uchumi wa menejimenti, yaani kutumia nadharia za uchumi kufanya maamuzi ya biashara, ni somo la kupita tu, ukishafaulu unagawa madesa (muhtasari wa kukariria mtihani) kwa wadogo zako. Wapo wanaotaka lifutwe, saa zake wapewe watu wa ujasiriamali wa vitendo. Napinga, na napinga kwa nguvu.

Tuangalie bodaboda. Mwenye pikipiki ana namna mbili za kuitoa. Ya kwanza ni hesabu: kila jioni dereva analeta kiasi walichokubaliana, kinachobaki ni chake, chombo kinabaki cha bosi. Ya pili ni mkataba: dereva analeta hesabu ya juu kidogo kwa muda uliopangwa, na mwisho wake pikipiki inakuwa yake. Mtaani kila mtu anajua pikipiki ya hesabu inachakaa mapema, na ya mkataba inaoshwa kila siku na oili inabadilishwa kwa wakati.

Kitabu kina sura nzima inayoeleza sababu. Mwenye mali hamuoni anayemfanyia kazi, anaona matokeo tu. Ukimlipa dereva mshahara, hana haja ya kuhangaikia abiria. Ukimpa hesabu, atahangaika hadi usiku, lakini chombo si chake, basi atakipitisha kwenye kila shimo. Mkataba unatibu tatizo hilo na kuleta lingine: sasa hatari yote iko kwa dereva. Akiugua wiki mbili, deni linatembea, na anaweza kunyang'anywa chombo akiwa ameshalipa sehemu kubwa. Anayeielewa sura hiyo anaweza kukaa chini na kupanga malipo ya wauzaji wa kampuni, ya meneja wa tawi, ya dereva wa lori la Tunduma, kwa sababu maswali ni yale yale: nani anaona nini, na hasara ikija inabebwa na nani.

Tatizo ni mahali sura hiyo ilipowekwa. Vitabu vingi vya somo hili vinaanza na kalkulasi, yaani hesabu za kutafuta mahali faida inapofika kilele, yanakuja mahitaji, kukadiria mahitaji kwa takwimu, uzalishaji, gharama, aina za masoko. Baada ya hapo ndipo inakuja namna bei zinavyopangwa kweli, ushindani wa makampuni machache, mikataba, na habari ambazo upande mmoja unazo na mwingine hauna. Semista inaishia kwenye aina za masoko. Yaani tunamnyima mwanafunzi nusu ile anayoihitaji, halafu tunasema kitabu hakifai.

Msimamo wangu: kitabu kibaki, tuanze kukifundisha kutoka nyuma. Karibuni.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mwanza

Ndugu mleta mada, mfano wa bodaboda ni mzuri ila umenithibitishia kwamba mtaani tulishajua bila kitabu. Mimi nina duka. Saruji naiuza karibu na bei niliyonunulia, faida yake haitoshi hata kumlipa anayeishusha. Kwa nini naiuza? Kwa sababu anayejenga akija kuchukua saruji atachukua na misumari, binding waya, nondo, bawaba, rangi. Huko ndiko ninakokula. Nimewahi kupata kijana wa chuo, akaangalia mahesabu yangu akaniambia niache saruji maana hailipi. Ningemsikiliza, duka lingefungwa. Hicho ndicho kitabu kilichomfundisha?

Jambo la pili. Mwaka 2023 dola ilipoadimika, mali za kutoka nje zilianza kupanda kila tukienda kuchukua. Dola ilikuwa kwenye shilingi 2,300 na kitu mwanzoni mwa mwaka huo, mwaka uliofuata ikafika karibu 2,700. Wenzangu waliendelea kuuza kwa bei waliyonunulia na faida kidogo juu. Kwenye daftari wana faida. Wakirudi kuchukua mzigo, hela ileile hainunui idadi ileile. Walimaliza mtaji huku wakijiona wanafanya biashara. Wasomi wa kutuambia hilo walikuwa wapi?

Mleta mada

Mkuu, umeandika vizuri kuliko walimu wengi, na mambo yote mawili uliyotaja yamo kitabuni. La saruji liko kwenye sura ya kupanga bei ya bidhaa zinazokwenda pamoja: faida haihesabiwi kwa bidhaa moja moja bali kwa kikapu anachotoka nacho mteja. Yule kijana aliishia sura ya gharama, hakufika huko. Ndiyo hasara ninayoilalamikia.

La dola ni zito zaidi. Kitabu kinatenganisha gharama ya mhasibu, ambayo ni ile uliyolipa, na gharama ya uchumi, ambayo ni kile unachokipoteza ukiitoa mali hiyo leo. Bati lililo dukani kwako thamani yake ni bei ya kulirudishia, si ya risiti ya miezi mitatu iliyopita. Wewe uliligundua kwa akili yako. Wenzako wamepoteza mitaji kwa kukosa kulijua, na somo hilo linafundishika kwa nusu saa tu.

Mhadhiri

Nafundisha somo hili, kwa hiyo niseme kidogo.

Kwanza, ugomvi huu wa kitabu na mtaa ni wa zamani. Mwaka 1939 wachumi Hall na Hitch wa Oxford walichapisha majibu ya wafanyabiashara 38 waliohojiwa kuhusu wanavyopanga bei. Wengi walisema wanachukua gharama yote, wanaongeza kiasi cha faida kilichozoeleka, basi. Hawakuwa wanasawazisha pato la nyongeza na gharama ya nyongeza, yaani kinachoingia na kinachotoka kwa kuuza kimoja zaidi, kama nadharia inavyotaka. Mchumi mwingine, Fritz Machlup, akajibu mwaka 1946 kwamba dereva anayelipita lori barabarani hakokotoi mwendo kwa milinganyo, lakini anapima umbali, kasi, na gari linalokuja mbele, na anafika. Naona Machlup alikuwa sahihi kwa nusu tu. Dereva mzoefu anafika. Mgeni anahitaji kuambiwa aangalie nini.

Na hapo ndipo sikubaliani na mleta mada. Ukianzia nyuma, mwanafunzi atapata hadithi nzuri bila chombo cha kupimia. Nendeni stendi ya mabasi ya Magufuli pale Mbezi Luis, Dar es Salaam. Basi linakaribia kuondoka, viti vimebaki, konda anashusha nauli. Mafuta yameshawekwa, dereva na ushuru vimeshalipwa. Abiria mmoja zaidi anaongeza gharama ndogo mno, kwa hiyo chochote anacholipa juu ya hapo ni nafuu kwa mwenye basi. Mwanafunzi asiyejua kufikiri kwa nyongeza atagawa gharama yote kwa idadi ya viti, atasema konda anauza kwa hasara, atamfukuza. Lakini pia lazima ajue kwamba abiria wote wakizoea punguzo la dakika za mwisho, wataacha kukata tiketi mapema. Mambo hayo mawili kuyapima pamoja kunahitaji sura za mwanzo, hata zikichosha.

Mwanafunzi, mwaka wa pili

Shikamoo mwalimu, na shikamooni nyote. Nasema kama ninayelisoma sasa.

Tatizo letu ni kwamba kitabu chenyewe hatukifungui. Tunasoma desa. Desa lina kanuni na maswali ya miaka ya nyuma, ukikariri umepona supu, yaani mtihani wa marudio. Swali linakuja: mahitaji ni Q = 100 − 2P, tafuta unyumbufu, yaani wateja wanapungua kiasi gani bei ikipanda, bei ikiwa 20. Unakokotoa, unapata ⅔ yenye alama ya kutoa, unapiga mstari chini. Hakuna anayeuliza hizo namba zimetoka wapi wala ⅔ inamwambia nini mwenye biashara.

Wakati huo huo sisi wote tuliiona tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Nyumbani kwetu watu walirudi kupeana hela mkononi, mama akawa anasubiri mtu anayesafiri ampe bahasha. Septemba ya mwaka ule ule serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguza tena. Huo ni unyumbufu, tumeuishi. Ungeulizwa hivi kwenye mtihani: kwa nini anayetuma kidogo na anayetuma kikubwa hawakukimbia kwa kiwango kimoja? Kwa nini wakala wa mtaani aliumia hata kama tozo haikulipwa na yeye? Ningekaa na kitabu usiku kucha.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Mimi nataka vitabu vya nje vipunguzwe, lakini si kwa sababu ya hesabu. Somo lenyewe lilijengwa kwenye kampuni za Marekani za baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zenye rekodi za mauzo za miaka mingi na bei kama silaha kuu. Huku mambo huenda kwa njia nyingine.

Agosti 2010, kampuni ya simu ya Zain Kenya, ambayo Bharti Airtel ilikuwa imeinunua mwaka huo, ilishusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 za Kenya kwa dakika kwa mitandao yote. Muda mfupi kabla, mdhibiti wa mawasiliano alikuwa amepunguza ada ya kuunganisha simu kati ya mitandao kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Kwa mstari wa mahitaji wa sura ya pili, wateja wangehama kwa wingi. Laini mpya zilinunuliwa kweli, watu wakatembea na laini mbili. Lakini mpinzani wake Safaricom ilibaki kinara, kwa sababu pesa za watu zilikuwa kwenye M-Pesa yake tangu 2007, na huwezi kuhama peke yako ukawaacha unaowatumia pesa. Kila mwanafunzi wa biashara Afrika Mashariki angepaswa kuijua vita hiyo kwa tarehe na namba zake. Anajua badala yake viwanda vya magari vya Detroit, Marekani.

Tuandike visa vyetu. Kitabu kiwe cha kurejelea tu.

Mleta mada

Dada, visa nakubali kwa mikono miwili. Ila kisa bila nadharia kinazeeka. Ulipoeleza kwa nini watu hawakuhama, umetumia wazo la mtandao kuwa na thamani zaidi kadiri watu wanavyoongezeka. Wazo hilo limo kwenye vitabu vya siku hizi, na ndilo litakalomsaidia mwanafunzi siku M-Pesa yenyewe itakapopata mpinzani wa kuitikisa.

Mwalimu, kwako narudi nyuma hatua moja. Kufikiri kwa nyongeza kufundishwe mwanzo, kwa konda wako wa Mbezi, wiki mbili zitoshe. Kalkulasi ije baadaye kwa atakayeihitaji. Na mtihani ubadilike: mwanafunzi alete namba za biashara halisi aliyoifuatilia.

Mhadhiri

Wiki mbili nakubali kujaribu. Mtihani ndio mgumu. Darasa lina mamia ya wanafunzi na msahihishaji ni mimi na msaidizi. Swali la kukokotoa nalisahihisha haraka na kwa haki. Ripoti za maduka halisi nitazisomaje zote, na nitajuaje ipi imetungwa hosteli?

Mwenye duka, Mwanza

Na mimi niwaambie ukweli kutoka upande huu wa kaunta. Daftari langu simfungulii mtu nisiyemjua. Akija na kalamu na maswali ya mauzo kwa siku, namuona mtu wa TRA, mamlaka ya kodi. Wengi wetu tutampa namba za uongo kwa upole kabisa, na mtafundishia uongo huo.

Mwanafunzi, mwaka wa pili

Mzee wangu, daftari lako libaki kabatini. Bei ziko wazi dukani. Nikizunguka maduka ya mtaa mmoja nikaandika bei ya mafuta ya kula ya kupima ya shilingi 500, nikapima ujazo wake, nikalinganisha na chupa ya lita na dumu la lita tano, tayari nina kazi. Maskini analipa zaidi kwa kila lita, na kitabu kinaniambia nitafute kama ni tamaa ya muuzaji, ni gharama ya kupima na kufunga kidogo kidogo, au ni mnunuzi kukosa hela ya dumu kwa mkupuo. Nikienda tena siku mbili kabla ya mshahara na siku mbili baada yake, naona kama watu wanahama kutoka kupima kwenda chupa. Mwalimu, sisi tukigawanywa kwa mitaa na kila mtaa ukatembelewa na makundi mawili yasiyojuana, aliyetunga hosteli ataonekana namba zikipishana. Kusahihisha kutapungua, maana ripoti ni ya kundi. Ukikubali, sisi tuko tayari kuanza semista hii.