Andor sizoni ya 2, episodi tatu za mwanzo: ni mimi tu niliyeboeka kule msituni?

Kijana wa Ilazo

Wakuu heshima zenu, mbukwenyi. Nina swali na naomba tusitukanane.

Jana usiku nimemaliza zile episodi tatu za kwanza za Andor, ile tamthilia ya Star Wars, sizoni ya pili, wameziachia kwa mpigo tarehe 22 mwezi wa nne 2025, na mpaka naandika hapa sijaelewa kama nimependa au nimechukia. Sizoni ya kwanza niliiangalia 2022 nikiwa UDOM, tulikuwa watu sita kwenye laptop moja iliyopasuka kioo, na ile siku wafungwa wanatoroka gerezani wanapiga kelele kwamba njia ya kutokea ni moja tu, chumba kizima tulisimama juu ya vitanda mpaka mlinzi akaja kugonga mlango. Kwa hiyo nimesubiri miaka miwili na nusu, hamu yangu mnaielewa.

Sasa mwanzo mtamu, Cassian, yule mwasi mhusika mkuu, anaiba ndege mpya ya vita ya Empaya, ule utawala wa kidhalimu, anakaa kwenye kiti anabonyeza alivyofundishwa, kumbe aliyofundishiwa siyo hii, ndege inagonga kuta, risasi zinatoka zenyewe, karakana yote imechakaa, nimecheka mpaka nimemwamsha mdogo wangu. Halafu anatua msituni anadakwa na waasi wenzake wenye njaa, hawamwamini, na hapo ndo nikaanza kuangalia saa. Wanagombana nani mkubwa, wanagawana makundi mawili, wanaelekezeana bunduki, mwisho wanaamua mambo kwa mchezo wa mikono kama watoto wa shule. Hii inaenda episodi nzima na nyingine juu!

Maswali yangu mawili. Wale wa msituni wana kazi gani kwenye hii hadithi? Na yule mama seneta Mon Mothma, kwa nini anacheza vile mwishoni kwenye harusi ya mwanae? Mi ile dansi iliniliza na sijui kwa nini imeniliza.

zabibu_kavu

Kha, ungeandika basi hapo juu kwamba kuna spoila!! Mi nimeishia wanapokagua vibali. Narudi kesho.

Mkongwa Halisi

Kijana wa Ilazo mdogo wangu, wewe umekulia mjini ndo maana. Mi kwetu ni Kongwa na ile sehemu ya msituni niliiangalia nikawa natikisa kichwa peke yangu, maana naijua.

Wengi mnapita pale mnaenda zenu Morogoro hamjui. Kongwa ndo Waingereza walikuja 1947 na matrekta kulima karanga za kulisha kwao, ardhi ngumu mvua hamna, kufika 1951 wameacha kila kitu wameondoka. Kwenye majengo na eneo hilohilo la karanga, 1964 ikafunguliwa kambi ya wapigania uhuru. Walikuwepo FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola na ZAPU wa Zimbabwe, wote kambi za jirani jirani. Babu yangu alikuwa anawapelekea maziwa. Na kitu alichokuwa anapenda kusimulia siyo vita, ni kusubiri. Vijana wametoka kwao wamejiandaa kufa, wanafika huku wanakaa mwezi, miezi sita, mwaka, hakuna amri ya kuondoka, chakula kilekile, na mtu akikaa hivyo na bunduki bila adui basi adui anamtafuta kitanda cha pili. Na msifikiri ni maneno ya wazee tu, 1976 kambi ya Mgagao kule Iringa wapiganaji wa ZANU na wa ZAPU walifikia kupigana risasi wenyewe kwa wenyewe, watu wakafa, na wote walikuwa wanaitafuta Zimbabwe moja.

Kwa hiyo ukiniuliza wale wana kazi gani, kazi yao ndo hiyo. Rudi sizoni ya kwanza, kuna sehemu Saw Gerrera, kamanda wa waasi, anamtajia Luthen, yule muuza vitu vya kale anayeendesha uasi kwa siri, makundi ya waasi moja moja na kila moja ana kasoro nalo, na kiongozi mmoja anayemtaja ni Maya Pei. Hao wa msituni ni watu wa Maya Pei! Mkubwa hayupo na wao wamebaki na ubishi. Halafu Cassian anaporuka na ndege kuondoka, angalia chini, lile jengo la mawe katikati ya msitu, pale ni Yavin 4, ndo patakuja kuwa makao makuu ya waasi wote kama tulivyopaona kwenye filamu ya kwanza kabisa ya Star Wars ya 1977. Yaani ardhi ileile ambayo leo wanauana kwa ajili ya nani ashike uongozi. Mi nilisimamisha hapo nikaenda kunywa maji.

Mchambuzi wa Kisasa

Mkongwa umeeleza vizuri na historia nimeipenda, ila kitu kuwa kweli haimaanishi kinastahili dakika zote zile. Hapo ndo mnapotuchanganya.

Nyie fikirieni bajeti ya muda. Tony Gilroy, mtunzi wa tamthilia hii, mpango wake wa mwanzo ulikuwa sizoni tano, kila sizoni mwaka mmoja, akaona hawezi, akakata ziwe mbili. Ndo maana sizoni hii ina episodi 12 na kila tatu ni mwaka mwingine mpaka inakutana na filamu ya Rogue One ya 2016. Maana yake huu mwaka wote wa kwanza una episodi tatu TU, na tumerudi tunakuta mwaka mzima umeshapita, Bix mpenzi wa Cassian ameshaharibika usingizi, Syril na Dedra, wale watumishi wa Empaya, wameshahamia nyumba moja (jamani lini, nani alimtongoza nani?), yote hayo hatuonyeshwi. Halafu katika hicho kidogo tulichopewa mnanipeleka msituni kuangalia mkasi karatasi jiwe? Ningepewa dakika kumi za pale zingine zote nipelekwe kwenye kile kikao cha mlimani.

Na nashangaa hakuna aliyekigusa. Krennic, mkubwa mmoja wa Empaya, kawakusanya watu wachache, vinywaji safi, mandhari nzuri, wanajadili sayari ya Ghorman ambayo ina watu laki nane wanaofuma nguo za hariri ya buibui, na chini ya ardhi yao kuna madini ya kalkite ambayo Empaya inayataka, na yakichimbwa yote ardhi yenyewe inaweza isibaki. Wanaongea kama wanapanga kuhamisha mitaro. Wale wawili wa propaganda wanafurahi kabisa kueleza jinsi ya kufanya dunia iwachukie Waghorman kabla. Mimi nilikumbuka ule mkutano wa Wannsee, Januari 1942, maofisa wa Kinazi walikaa kwenye nyumba nzuri kando ya ziwa pembezoni mwa Berlin, kama saa moja na nusu hivi, wakapanga mauaji ya Wayahudi wa Ulaya nzima kwa lugha ya ofisini. Hakuna aliyepandisha sauti. Hiyo ndo ilinitisha, siyo wale wa msituni.

Mama Kamati

Habari zenu wanangu. Mimi nimeiangalia kwa sababu ya binti yangu, haya ya vyombo vya angani siyajui sana, ila swali la harusi niachieni mimi maana nimekuwa mwenyekiti wa kamati za harusi hapa Dodoma tangu ukumbi ni kupanga viti chini ya mwembe.

Mwanangu wa Ilazo, ile siyo harusi, ile ni rejesho la mkopo. Binti yangu ndo alinieleza ya nyuma, kwamba yule mama alitoa pesa laki nne kwenye akaunti ya familia akawapa waasi kwa siri, pengo likaonekana, akatafuta wa kuliziba, na aliyekubali kuliziba ni yule tajiri Sculdun, mtu wa mambo yake, kwa sharti kwamba kijana wake akutanishwe na binti wa seneta. Basi sasa tunaangalia siku tatu za sherehe, nguo, mila, wazee wanaimba, wageni wanakula, na mama anajua kila sahani iliyopo pale imelipiwa na nini. Nimeshakaa kwenye sherehe za hivyo. Sitasema za nani. Mama wa bibi harusi anacheka sana, anazunguka kila meza, ukimshika mkono ni wa baridi kama chupa ya soda.

Na kule chumbani kabla ya kufungishwa, anamwambia mtoto kama hutaki bado unaweza kukataa. Hivi jamani unamwambia mtoto hivyo wageni wameshakaa? Kafanya kwa ajili ya moyo wake yeye, siyo wa mtoto. Na mtoto akamjibu vibaya sana, akamwambia bora ungekuwa umelewa. Nililia hapo, siyo kwenye dansi.

Halafu kuna yule rafiki yake wa siku nyingi, Tay, aliyemsaidia kuficha pesa, sasa mambo yake yameharibika, mke kaondoka, anaanza kusema maneno ya chinichini kwamba naye angependa kufikiriwa. Luthen akishasikia hivyo mnajua kinachofuata. Anamwona rafiki yake anapanda gari, anajua haendi nyumbani, na hana la kusema maana hata yeye ananufaika. Sasa mtu ameuza binti na amepoteza rafiki siku moja, na muziki unapigwa, afanye nini? Akachukua glasi, nyingine, nyingine, akaingia katikati. Mtoto alitaka mama aliyelewa, kampata.

Wale wanaosema huko mitandaoni kwamba alikuwa anafurahi sijui wameangalia kitu gani.

Kijana wa Ilazo

Mama Kamati shikamoo. Nimesoma mara mbili. Sikuunganisha kabisa lile jibu la mtoto na ulevi wa mwishoni.

Dalali wa Kibaigwa

Nyie wote mnaongelea wakubwa, maseneta na makambi. Mbona hamsemi wale vibarua wa ngano??

Bix, Brasso, Wilmon na yule roboti B2EMO, watu wa karibu wa Cassian, wamekimbia kwao wamejificha sayari ya kilimo Mina-Rau, wanatengeneza mashine za mkulima, hawana vibali, na kila mtu pale anajua hawana na hakuna anayesema kwa sababu mavuno yamefika na mikono inahitajika. Mi niko na nafaka mwaka wa kumi huu, msimu wa mahindi unakuta watu wametoka huko mbali hata hujui jina lake kamili, unamwita tu kwa alikotoka, mnakula pamoja, siku anaondoka ndo unagundua hujui chochote kuhusu yeye. Ile meza yao ya chakula na watu wa shamba ilikuwa kweli kabisa.

Na yule ofisa wa ukaguzi. Anavyoanza kwa upole, anamwangalia Bix, anauliza mumeo yuko wapi, anarudi siku nyingine peke yake. Mke wangu alitoka chumbani pale hakutaka kuona. Bix kampiga nyundo ya haki yake na kasema wazi wazi mbele ya askari kwamba yule alitaka kumbaka, nimeona watu wanasema Star Wars haitakiwi kuongelea vitu hivyo, sasa iongelee nini, miale ya rangi? Wenye vibali vya kukagua ndo wanajua nani hawezi kwenda kushtaki.

Brasso sijamsamehe Gilroy. Mtu wa sizoni ya kwanza aliyebeba tofali la majivu ya mama yake Cassian akampigia nalo askari, leo anakufa kwenye ngano, pikipiki imeangushwa, hakuna hotuba hakuna nini. Na Cassian anachelewa, na kachelewa kwa sababu ya wapuuzi wa msituni. Hapo Mchambuzi ndo nakujibu wewe, zile dakika za msituni ungezikata Cassian angefika mapema na Brasso angekuwa hai. Ulivyokasirika na wewe unaangalia saa, na yeye alikuwa anaangalia saa.

Mchambuzi wa Kisasa

Duh. Hiyo ya saa sikuifikiria. Bado naona ni ndefu, lakini nimekaa.

mtu wa nkuhungu

Swali la pembeni wakuu, iliyotafsiriwa ipo? Nimeenda kwa jamaa wa muvi na flashi yangu akaniwekea sizoni ya kwanza, jamaa anayetafsiri humo kamwita Luthen "mzee wa vinyago" mwanzo mwisho, na pale seneta anaongea maneno marefu ya siasa yeye kakaa kimya halafu anasema "anasema mambo magumu hapo ndugu mtazamaji". Niliipenda hivyo hivyo ila nahisi nimepitwa na kitu.

Mama Kamati

Umepitwa mwanangu. Ila mzee wa vinyago ni jina zuri, nimemwambia binti yangu kacheka sana. Na mbona hakuna aliyemsema mama yake Syril alipoenda kula kwa mkwe? Mtoto wa kiume mzima anakimbilia chumbani anajitupa kitandani kifudifudi, anamwachia yule Dedra akae na mama mtu mezani, na Dedra anampangia masharti kabisa, kwamba utamwona mwanao kulingana na utakavyomwacha apumue. Huyo Dedra ni shetani kazini lakini ile meza nilimpigia makofi.

zabibu_kavu

Nimemaliza. Nimerudi. Brasso jamani.

Halafu wa msituni mi nimewapenda, kwetu tuko ndugu tisa na kiwanja kimoja.

Mkongwa Halisi

Zabibu umenimaliza, hahaha. Tatu zinazofuata ni tarehe 29, atakayeziwahi aandike SPOILA kwa herufi kubwa huko juu, siyo kama huyu wa Ilazo.