Sigara sita kwa siku, nimeshuka hadi tatu lakini hamu haipungui

kijana_chake: Asalaam alaykum. Nina miaka 16, kidato cha tatu, Pemba. Nyingi navuta maskani, pale kijiweni na wenzangu, baada ya skuli. Tangu nipunguze, kichwa kinauma na hamu ni ile ile. Nakosea wapi?

Mzee wa Baraza: Waalaykum salaam mwanangu. Ukipunguza idadi peke yake, mwili hujilipa: unavuta kwa nguvu, unaubana moshi kifuani, unamaliza mpaka kishungi. Nikotini ya tatu yaweza kukaribia ya sita. Kata nyakati. Anza na sigara ya kwanza ya siku, hasa kama unaivuta kabla ya nusu saa tangu kuamka. Isogeze mbele saa moja kila siku, mpaka ipite alasiri. Halafu weka siku ya kuacha kabisa, isizidi wiki mbili kutoka leo. Kubaki na mbili hakudumu, siku ya mtihani tu zinarudi sita.

Hicho kichwa ni nikotini inayotoka. Damuni hupungua nusu kila saa mbili hivi. Ukishaacha, siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu, kisha hulegea ndani ya wiki mbili mpaka nne.

Bi Mkarafuu: Hamu moja ni dakika chache tu, tano hivi. Tafuna punje ya karafuu au mswaki wa mti mpaka ipite. Usikimbilie kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, nayo ina nikotini. Shisha ndiyo kabisa, maji yale hayachuji sumu. Na usitembee na chenji: sigara zinauzwa moja moja, basi beba nauli tu.

kijana_chake: Shukran. Kahawa je?

Mzee wa Baraza: Ipunguze kwa nusu, kuanzia siku ya kuacha. Moshi wa sigara hulifanya ini liondoe kafeini haraka. Ukiacha, kikombe kile kile kinakaa mwilini zaidi. Moyo unadunda, usingizi hauji, nawe unadhani ni hamu.

mfamasia_unguja: Bigijii za nikotini zipo za miligramu 2 na 4, ila chini ya miaka 18 muone daktari kwanza. Haitafunwi kama peremende: ukisikia ukali, ibane shavuni. Soda au kahawa robo saa kabla yake huizuia isiingie mwilini.

Bi Mkarafuu: Kama unafunga Jumatatu, anza siku hiyo. Saa 13 zinapita zenyewe. Hatari ni baada ya futari, maskani usiende.