Wakuu, Marekani ilimtaka Lumumba afe kwa sababu ya uraniamu au kwa sababu ya Wakomunisti?

Kijana wa Mbagala:
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanisumbua naombeni wajuzi mnisaidie. Jana kijiweni tumebishana mpaka saa sita usiku, yalianzia kwenye ule mkataba wa Kongo na Rwanda uliosainiwa Washington Juni 2025, mmoja akasema Mmarekani hajawahi kwenda popote kuleta amani bila kwanza kuangalia chini ya ardhi kuna nini, mwingine akambishia kwamba zamani ilikuwa vita baridi tu, alikuwa anamuogopa Mrusi basi. Tukaishia kwa Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, mwaka 1960. Mimi nilichonacho ni kile cha shule, kwamba aliuawa na mabeberu, nukta. Sasa nataka kujua hasa, nini kiliwafanya watu wa Washington wamkamie mtu ambaye hata miezi miwili ofisini hajamaliza? Ni ile uraniamu ya jimbo la Katanga, kusini mwa Kongo, iliyotengeneza bomu la Hiroshima, au kweli walidhani ni Mkomunisti? Naombeni hoja, matusi hapana.

Chuma cha Reli:
Ni madini mkuu wala usizunguke. Mgodi unaitwa Shinkolobwe, uko karibu na Likasi, enzi hizo ikiitwa Jadotville. Bosi wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyokuwa na migodi ya Katanga, anaitwa Edgar Sengier, mwaka 1940 alisafirisha zaidi ya tani elfu moja za yale mawe mpaka New York, yakawekwa kwenye ghala pale Staten Island, yakakaa kwenye mapipa ya chuma mpaka 1942 jeshi la Marekani lilipokuja kuyanunua. Migodi ya kwingine ilikuwa inatoa mawe yenye uraniamu hata asilimia moja haifiki, ya Shinkolobwe mengine yalifika 65. Sehemu kubwa ya kilicholipuka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 kilitoka kwetu Afrika. Mtu aliyeonja kitu kama hicho akuachie wewe? Thubutu.

Mwalimu Mstaafu:
Chuma mwanangu, ya Shinkolobwe ni kweli tupu, ila umejibu swali la 1942, kijana kauliza la 1960. Kufika 1960 Marekani ilikuwa na uraniamu yake mwenyewe na ya Kanada, na huo mgodi Wabelgiji waliufunga mwaka huohuo wakaumwagia zege.

Halafu kuna hili watu huwa hawaligusi. Katanga ilipojitenga tarehe 11 Julai 1960, kiongozi wake Tshombe alikuwa anabebwa na ileile Union Minière, yaani kodi iliyotakiwa iende serikali kuu Léopoldville (Kinshasa ya leo) ikawa inaingia kwake. Sasa kama Washington ilitaka mawe tu, si wangemtambua Tshombe yakaisha? Hawakumtambua hata siku moja, na Rais Kennedy alipoingia akawa upande wa UN mpaka Katanga ikaanguka Januari 1963. Hapo nadharia ya "walikuja kubeba mawe" inakwama.

Tazama mambo yalivyofuatana. Mwisho wa Julai Lumumba alienda Washington, Rais Eisenhower hakuonana naye, akapelekwa kwa waziri wa mambo ya nje, Herter. Alichokuwa anataka ni kusaidiwa kuwatoa askari wa Ubelgiji waliorudi bila idhini yake na kuirudisha Katanga, akaambiwa pitia UN, UN nao wakasema ugomvi wa ndani hatuuingilii. Nyumba inaungua, jirani mwenye maji kafunga geti, ufanyeje? Akaenda kwa Mrusi, Agosti hiyo wakampa ndege na malori. Ikawa basi. Tarehe 26 Agosti Allen Dulles, mkuu wa CIA, akatuma telegramu Léopoldville kwamba kumuondoa Lumumba ndiyo kazi ya kwanza na ya haraka. Septemba mkemia wao Sidney Gottlieb akatua na sumu, itiwe kwenye chochote kitakachofika mdomoni kwake, chakula au mswaki. Mswaki jamani! Watu wazima wenye familia zao wanapanga habari za mswaki wa waziri mkuu wa nchi yenye umri wa miezi mitatu, nilikuwa nikifika hapo darasani wanafunzi wote kimya. Na haya yaliandikwa na kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe, ya Frank Church, mwaka 1975.

Kwa hiyo mimi jibu langu ni hili. Lumumba alikuwa ameshika nchi kubwa katikati ya Afrika, ina shaba, kobalti, almasi, na ukimnyima kitu anaenda kukitafuta kwa mwingine, mtu wa hivyo hapangiki. Madini yamo ndani ya hesabu lakini walichokuwa wanakipigania ni nani anashika funguo. Ndiyo maana wakampata Mobutu, mkuu wa jeshi, wakaenda naye miaka zaidi ya 30, na wizi wake wote wakiuona.

Mtoto wa Likasi:
Shikamoo Mwalimu. Mimi nimezaliwa Likasi, Dar nina mwaka wa tisa sasa. Umeeleza vizuri sana ila naomba Wabelgiji wasipone hapa. Ile sumu haikutumika, mkuu wa CIA wa Léopoldville, Larry Devlin, alisema mwenyewe aliitupa mtoni. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba na wenzake Mpolo na Okito walipigwa risasi porini na askari wa Katanga, maafisa wa Kibelgiji wapo pale, Tshombe yupo. Baadaye Mbelgiji mmoja wa polisi akafukua miili akaikatakata akaiyeyusha kwenye tindikali, akabaki na jino. Hilo ndilo lililorudishwa Juni 2022, ndani ya jeneza zima. Lilipopitishwa kwetu Katanga, Shilatembo, palepale walipouawa, mama alinipigia simu ya video nione, watu wamejaa barabarani, yeye analia anarudia "jino moya tu, mwanangu, jino moya tu", mpaka simu ikakata.

Wa Ujiji:
Mwalimu, na ile ya Stanleyville (Kisangani ya leo)? Ndege za Marekani zilishusha makomandoo wa Kibelgiji tarehe 24 Novemba 1964, wakasema wanaokoa mateka.

Mwalimu Mstaafu:
Mateka walikuwepo kweli mwanangu, na Simba, waasi waliojiita wafuasi wa Lumumba, waliua watu, tusifiche. Lakini siku ileile mamluki na jeshi la serikali waliingia mji uleule kwa barabara, kwa hiyo operesheni ya mateka ikawa pia operesheni ya kuwamaliza Simba. Hata marubani wa zile ndege za kivita zilizokuwa zinawapiga walikuwa Wakuba waliomkimbia Castro, wanalipwa na CIA.

Wa Ujiji:
Asante. Marehemu babu alikuwa mvuvi, alikuwa akisimulia 1965 kuna usiku walikuwa wanaambiwa wasitoke ziwani, kuna boti zinavuka kwenda ng'ambo. Ni hadi nimekuwa mkubwa ndo najua Che Guevara alipita kwetu Kigoma kwenda kuwasaidia hao Simba, jina lake kule porini likawa Tatu.

Kijana wa Mbagala:
Mwalimu nimekuelewa sana. Sasa kama Mobutu alikuwa mtu wao mbona 1997 walimuacha aanguke?

Mwalimu Mstaafu:
Juni 1989 bado anapokelewa White House na Bush, kwa sababu kambi ya jeshi ya Kamina, kule Katanga, ilikuwa inapitisha silaha kwenda kwa Savimbi, kiongozi wa waasi wa Angola. Urusi ya Kisovieti ilipovunjika, Kamina haina kazi tena. Kabila, kiongozi wa waasi, alipofika na vijana wake Mobutu alikuwa mgonjwa na hana wa kumpigia simu.

Mtoto wa Likasi:
Na leo pale walipokuwa wanasema Mrusi wanasema Mchina. Migodi mingi ya kobalti kule Kolwezi iko mikononi mwa kampuni za China, Marekani nayo inaingiza pesa kwenye reli ya Lobito ili mzigo utokee Angola. Kijana, ukirudi kijiweni waulize hivi: kodi ya ule mzigo inaingia akaunti ipi? Maana 1960 iliingia kwa Tshombe, na sisi Likasi hatujasahau.