Gemu zinazojicheza zenyewe zimeninasa, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa mnaozijua hizi gemu za kubofya ambazo ukishaziwasha zinaendelea kukuhesabia zenyewe. Mi nilianza na Cookie Clicker, ile ya 2013, unabofya biskuti moja moja mpaka unanunua bibi wa kukuokea, na kila ukimwongeza bibi bei ya anayefuata inapanda asilimia 15, basi ndo hapo nilinasa, naiacha kompyuta inawaka usiku kucha halafu asubuhi nikikuta namba zimejaa nasikia raha kweli, kama kuna kitu nimefanikisha. Ila sasa nimefika mahali nasubiri siku nzima kununua kitu kimoja, na nikianza upya ili nipate bonasi ni yale yale tu kwa kasi zaidi. Juzi nimeamka saa nane usiku kuangalia namba, hilo limenitisha aisee.

Universal Paperclips ya 2017 niliipenda maana ina mwisho, ukimaliza umemaliza. Kuna nyingine za hivyo? Au niache kabisa? Mliowahi kuacha mlifanyaje, maana kila nikitaka kufuta naionea uchungu ile miezi yote.